Maharage Kando ya Kaburi la Baba Yako

Mugoma, Jumapili jioni

Mwanangu Editha,

Mwandiko huu unaufahamu. Ni wa Consolata, mtoto wa kaka yako, maana mimi na kalamu hatujawahi kuzoeana. Mimi nasema kwa Kihangaza, yeye anaandika kwa Kiswahili chake cha shule, kisha ananisomea ili nijue kama ni mimi niliyesema. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. Anakuamkia, shikamoo shangazi.

Tumekaa nyuma ya jiko, jua bado liko juu ya vilima vya Burundi. Nakusikia ukizunguka ndani, unakunja nguo. Umeshaniuliza mara mbili kama nimeiona sweta yako ya kijani, na mara zote nimekujibu sijui. Tutafika huko kwenye sweta.

Kesho unapanda basi kwenda Biharamulo kuanza kazi. Umeingoja ajira hii tangu ulipomaliza chuo cha uuguzi, umelima na sisi, umechota maji na cheti chako kikiwa ndani ya sanduku. Nimefurahi, usidhani sijafurahi. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitakuandikia, hayo unayajua kuliko mimi. Nina jambo moja tu, nalo nimetembea nalo tangu turudi kutoka Mwanza, kama mwiba uliovunjikia kwenye unyayo. Mbele ya uso wako siwezi kulisema, kwa sababu ukianza kulia nitaacha kusema na kuanza kukubembeleza.

Ulinisaliti.

Consolata ameinua kalamu. Anasema, “Bibi, labda tuandike ulinikosea.” Nimemwambia kukosea ni kuvunja sahani. Aandike nilivyosema.

Nianze na kichwa changu, maana hata wewe uliyetoka tumboni mwangu hukukijua mpaka umekuwa mtu mzima. Nilipokuwa mtoto wa kutambaa niliangukia kwenye moto, katikati ya mafiga. Mimi siukumbuki moto huo. Ninachokumbuka ni watoto wenzangu wakiniita Upara, kwa sababu utosini nywele hazikuota tena, palibaki ngozi nyembamba inayong'aa kama sufuria. Nilipopata kitambaa cha kwanza nilikifunga, na tangu hapo sikukivua mbele ya mtu. Baba yako alinioa bila kujua. Usiku nilipokivua, alitazama, akasema, “Ni hilo tu? Mimi nilifikiri unaficha pembe.” Nilicheka mpaka mama yake akagonga ukuta. Alikuwa mtu pekee aliyekijua kichwa changu. Jioni alikipaka mafuta ya samli. Alipokufa, hapakuwa tena na macho ya kukitazama.

Juu ya kichwa hicho nimebeba ndizi, maharage, mahindi, nimebeba kuni na nimebeba wewe ukiwa mgongoni. Nimekwenda soko la Kabanga na mkungu kichwani miaka yote uliyokuwa shule. Kidonda kilipofumuka pale kwenye kovu sikushtuka. Niliilaumu ngata. Nikasema majani makavu ya mgomba yamenichubua, nikasokota ngata nyingine ya sweta kuukuu. Bado kikatoa maji. Nikauhamishia mzigo upande. Kule Kabanga wenzangu walinicheka: “Mama Laurent, leo mzigo umekaa kama kofia ya mlevi!” Nikacheka nao. Nikarudi nyumbani, nikavunja kidonge cha rangi mbili, nikamwagia unga wake, nikafunga kitambaa juu. Msimu ukapita, na mwingine. Kanisani nikahama benchi la mbele, nikawa nakaa karibu na mlango, kwenye upepo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujisikia harufu.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuonyesha wewe. Uliingia chumbani nikiwa nimeinama, kitambaa mkononi, ukasema, “Mama, hii ni nini?” Sauti yako ilikuwa ya muuguzi, si ya mtoto. Nilijisikia aibu kama mtu aliyekutwa uchi, na papo hapo nilijisikia nimepumzika. Nilisema moyoni, sasa nina macho mengine. Nataka ulijue hili kwanza. Siku ile nilikukabidhi kichwa changu chote.

Ukanipeleka hospitali. Wakanikata kipande kidogo kama punje ya harage, wakasema kinakwenda kupimwa. Tukarudi kungoja.

Majibu yalipokuja yalikuja kwenye simu yako. Tulikuwa uani tunapura maharage, wewe, mimi na kaka yako Laurent. Uliinuka ukaenda kuongelea kwenye migomba, Laurent akakufuata. Uliporudi hukunitazama, ulichukua fimbo.

“Wamesema nini?” nikakuuliza.

“Wamesema ni kidonda cha zamani, Mama, kimeingia uchafu. Kinatakiwa kusafishwa na wataalamu, Mwanza.”

“Kusafishwa tu?”

“Kusafishwa tu.”

Kisha ukapiga maharage yale kwa nguvu mpaka yakarukia kwenye nyasi. Nilikuambia, “Taratibu, mwanangu, hayo ni ya kula, si nyoka.” Laurent hakucheka. Nilidhani amechoka.

Siku zilizofuata nilikuwa na furaha, na hiyo furaha ndiyo inayonichoma sasa ninapoikumbuka. Nilishona kitenge kipya. Niliwaambia watu kwamba nitaliona Ziwa, nitakula sato, nitarudi kabla ya kuvuna mtama. Wanawake wa jumuia wakaja kuniaga. Walileta chakula kingi kuliko safari yenyewe. Wakasali, na kila mmoja akanishika mikono yote miwili asiiachie. Nilisema kwa utani, “Jamani, naenda kusafishwa kidonda, siendi kuwa mtawa.” Walicheka, halafu mmoja akatoka nje akijifuta macho kwa kanga. Nilifikiri ni moshi.

Halafu akaja Paskazia. Unamjua Paskazia na mimi. Tangu baba yako angali hai tunagombania ule mpaka wa shamba, amepanda migomba mitatu upande wangu, na kwa miaka hiyo yote salamu yetu imekuwa kukohoa. Jioni ile akaja na kibuyu cha pombe ya mtama na mirija miwili. Wewe ni mtoto wa huku, unajua maana yake mtu uliyegombana naye akikuletea mirija miwili. Akakaa chini, akaniambia, “Mama Laurent, ile migomba nimeikata. Nisamehe.” Tukainama, tukanywa kutoka kibuyu kimoja, paji la uso wake likikaribia langu, na nililia kwa kumshukuru Mungu kwamba amemgusa Paskazia kabla sijazeeka kabisa.

Mungu hakuwa amemgusa. Laurent ndiye aliyemwambia.

Kijiji kizima kilijua, Editha. Mwenye duka alijua. Katekista alijua. Paskazia, adui yangu, aliujua ugonjwa wangu, mimi mwenyewe siujui. Walikuwa wanaagana na maiti, na maiti inawakaribisha chai.

Consolata anasema yeye hakujua, kwamba ninyi wakubwa mlinyamaza alipoingia. Namwamini. Ndiyo maana yeye ndiye anayeandika.

Kule Mwanza, daktari alituita ofisini siku moja kabla ya upasuaji. Kiswahili changu ni cha soko la Kabanga, cha kilo na bei na punguza kidogo. Naye alisema chini chini na kwa haraka, akikutazama wewe kwa sababu ulimwambia wewe ni muuguzi. Alisema maneno mengi. Alishika kichwa chake akachora duara kwa kidole. Akagusa paja lake. Alipomaliza, ukanigeukia ukanipa maneno machache kwa lugha yetu: watakulaza, watasafisha, utaamka. Nikakuuliza, “Mbona ameshika paja?” Ukasema, “Sindano, Mama. Anasema sindano watachoma pajani.”

Nikatikisa kichwa kukubali. Daktari akaona nimetikisa. Nikaweka kidole gumba pale mliponionyesha.

Usiku ule nilisali sala ya msafiri. Ningejua, ningesali sala nyingine. Hilo nalo ulinichukulia.

Nilipoamka, kichwa kilikuwa kizito kama nimebeba mkungu nikiwa nimelala. Hilo nililitegemea. Lakini paja lilikuwa linawaka moto. Nilipapasa nikakuta limefungwa bandeji kuanzia juu hadi karibu na goti. Nilikuita, ulikuwa umekwenda kununua uji. Nikafikiri wamekosea mtu. Nikafikiri wameniibia kitu mwilini. Nilianza kupiga kelele, na aliyenijibu ni yule bibi wa kitanda cha pili, Milembe, Msukuma aliyehamia Biharamulo zamani na ng'ombe wake, kichwa chake kimefungwa na upande mmoja umebonyea mahali pa sikio.

“Mayu, tulia,” akasema. Kwao mayu ndiyo mama. “Unaumwa nini wewe?”

“Mimi nilikuja kusafishwa kidonda cha kichwa! Hili paja limefanya nini?”

“Kusafishwa?” Alicheka mpaka akajishika bandeji. “Hata mimi nimesafishwa, basi. Nimesafishwa sikio zima. Hawakuniachia hata pa kuvalia heleni.” Kisha akaniona usoni, akaacha kucheka. “Mayu, hawakukuambia? Wodi hii yote ni ya kansa. Hata huyo anayekoroma pale. Wamekata kansa kichwani, wakachuna ngozi ya paja wakaja kufunikia. Na mimi hivyo hivyo. Paja litapona, linauma wiki mbili tu halafu linawasha.”

Nilikuwa nimelala chali. Niliitazama taa ya dari. Sikulia. Nilianza kuwahesabu mmoja mmoja: wanawake wa jumuia, yule wa moshi machoni, Laurent, Paskazia na mirija yake. Kila mmoja niliyemfikia moyoni nilimkuta tayari anajua. Nilikuweka wewe mwisho. Nilisema, Editha atakuwa amedanganywa kama mimi.

Uliingia na uji. Nilikutazama tu. Uliweka kikombe chini polepole, na nikajua.

Asubuhi daktari alipopita na wenzake, sikukungoja ufungue mdomo. Nilikitafuta Kiswahili changu chote cha sokoni nikamwambia, “Daktari, mimi nina kansa?”

Alikutazama wewe. “Dada, si ulisema mama ameelewa?”

Ukatazama viatu vyako.

“Nilikuona ukitikisa kichwa, mama,” akaniambia.

“Nilitikisia maneno ya kusafisha. Sikutikisia kansa.”

Wale wanafunzi wake walijifanya wanaandika. Yeye alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda, akaomba radhi kwamba alipaswa kuniuliza mimi mwenyewe nimeelewa nini. Kisha akasema taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kwamba ni saratani ya ngozi, ndiyo hiyo kansa. Kwamba ilianzia kwenye kovu la moto. Kovu la zamani likichubuka miaka na miaka na kidonda chake kikakataa kupona, linaweza kugeuka hivyo. Kwamba walikata ugonjwa na kuzidisha pembeni mpaka kwenye nyama nzima, na chini walifika karibu na mfupa, na mfupa waliuona mzuri. Kwamba nyama yote waliyotoa inapimwa kwenye kingo zake. Na kwamba kwa umri wangu moyo ulistahimili dawa ya usingizi vizuri.

“Nitakufa?” nikamuuliza.

“Leo hapana,” akasema. “Na tukiendelea kukitazama hicho kichwa bila kukificha, kwa huu ugonjwa huenda usife kabisa.”

Editha, maneno yale hayakuniua. Mlisema nikisikia neno kansa nitageukia ukutani nisile tena. Nilinywa uji wako wote, ulikuwa umeshapoa. Nililala mchana huo usingizi ambao sikuupata tangu kidonda kianze, kwa sababu sasa nilijua nimelala na nini.

Majibu ya kingo yalipotoka kabla hatujaruhusiwa, daktari alinieleza mimi, wewe ukiwa umesimama nyuma. Pande tatu ni safi. Upande wa nyuma, kuelekea kisogoni, ni safi lakini kwa nafasi ndogo. Akasema pawe panatazamwa, na shingo ipapaswe, na pakiwa na ugumu au uvimbe wowote nirudi bila kungoja tarehe.

Tulipanda basi kurudi nyumbani. Basi liliposimama Biharamulo ulininunulia hindi la kuchoma. Nililikataa, na nilikuwa na njaa. Ulilishika mkononi mpaka likapoa, ukamgawia mtoto wa kiti cha mbele. Mpaka leo nikiona hindi la kuchoma nakuona ulivyokuwa umelishika.

Tulipofika nyumbani nikazunguka nyuma kumsalimu baba yako, kama kawaida yangu nikitoka safari. Kando ya kaburi lake, upande wa kushoto, pale palipokuwa na magugu na kile kichaka cha mibono, pamefyekwa. Pamefyekwa vizuri, kwa urefu wa mtu. Laurent alikuwa amesimama mlangoni.

“Hapa umefyeka kwa ajili gani?” nikamuuliza.

“Kwa ajili ya maharage, Mama.”

“Basi leta mbegu.”

Akabaki amesimama. Nikamwambia tena, leta mbegu. Consolata ndiye aliyeleta jembe. Sikuruhusiwa kuinama, kwa hiyo nilisimama na fimbo nikimwonyesha mstari, naye akapanda mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka pale mahali pangu pote pakajaa. Umepita hapo kila siku ukienda kuchota maji. Hujasema neno, na mimi sijasema. Maharage sasa yametoa maua.

Paskazia naye alikuja kunitazama. Alisimama uani akanikagua juu mpaka chini, akasema, “Kumbe umepona?” kama mtu aliyeuziwa dumu lenye tundu. Nilimwambia, “Pole, jirani. Migomba yako ilikuwa mizuri.” Akasonya, halafu akacheka, na mimi nikacheka. Lakini kuwa naye tena kama jioni ile ya mirija, nikiamini kila alichosema, siwezi. Aliniomba msamaha nikiwa maiti. Nikiwa hai bado hajaniomba.

Wewe uliniomba. Najua. Ulinikuta kwenye mawe ya kufulia ukasema, “Mama, niliogopa. Kaka alisema nikikuambia utakufa kwa hofu, na mimi ndiye nitakuwa nimekuua.” Nilikujibu kwa kukamua shuka. Leo nakujibu. Nakuamini kwamba uliogopa. Lakini hofu ilikuwa yako, mwanangu, na ulinibebesha mimi bila kuniambia nimebeba nini. Hata mzigo wa Kabanga, mtu huuinua kwanza kwa mikono ajue uzito, ndipo auweke kichwani.

Na tangu siku ile sikukuruhusu kunigusa kichwa. Consolata ndiye anayeniosha, ndiye anayenipaka mafuta ya mgando na kunifunga kitambaa chepesi cha kukinga jua kama daktari alivyoagiza. Wewe muuguzi unakaa sebuleni, unasikiliza mtoto wa sekondari akikuuliza kwa sauti kupitia mlango, “Shangazi, maji yawe ya moto kiasi gani?” Najua inakuuma. Nilitaka ikuume. Sasa imetosha, au inakaribia kutosha.

Nimefikiri sana ulijifunzia wapi huo ustadi wa kufunika, kwa sababu chuoni hawafundishi hivyo. Nikijibu kwa haki, ulijifunzia hapa. Umekua ukiona mama ambaye hajawahi kuvua kitambaa. Niliuguza kidonda misimu miwili na kila asubuhi ulipouliza, “Mama, umeamkaje?” nilisema, “Salama.” Nililala na wewe nyumba moja nikakuficha kitu kinachonioza. Ulipochukua ile fimbo ukapiga maharage, ulikuwa unafanya nilivyokuwa nikifanya mimi, isipokuwa wewe ulifunika kikubwa zaidi. Sisemi hivi ili nikupunguzie. Kosa lako ni lako. Lakini nimelitafuta langu, nimelipata, na nimeliweka karibu na lako ulione.

Huko unakokwenda watakuja wazee kama mimi. Wengine Kiswahili chao ni cha sokoni, watazungumza Kisubi, Kizinza, Kisukuma. Watakuja na watoto wao, wazuri, wenye upendo, na watoto watakuvuta pembeni nyuma ya mlango na kukunong'oneza, “Sista, yeye usimwambie.” Sijui utafanya nini. Sitakuambia ufanye nini. Nakuomba tu siku hiyo ukumbuke paja langu.

Ukimwona Milembe, maana kijiji chake si mbali na kituo chako, mwambie namsalimu. Mwambie paja liliwasha kweli.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Juzi Consolata akiniosha alisimamisha mkono. Nilimuuliza, “Nini?” Akasema, “Bibi, kuna kitu hapa nyuma, kwenye ukingo wa ngozi mpya, kuelekea kisogoni. Ni kigumu kidogo, kama punje ya mtama chini ya ngozi. Siku zilizopita sikukiona. Inaweza kuwa kovu tu linakaza. Mimi sijui, Bibi.” Alisema yote. Alichukua kidole changu akakiweka juu yake nikisikie mwenyewe. Ni pale pale, upande ule wenye nafasi ndogo.

Nikakaa nacho siku mbili. Nilitaka nikuache uondoke bila kujua, uanze kazi na moyo mweupe. Unaona? Nilikuwa nimeanza tena. Consolata ndiye aliyeniambia, “Bibi, hivyo si ndivyo walivyokufanyia wewe?” Nikamwambia achukue kalamu.

Kwa hiyo nakuambia. Kuna kitu kigumu kichwani kwangu. Huenda ni kovu, huenda ugonjwa umerudi. Tarehe ya kliniki bado ni mbali, na daktari alisema nisingoje tarehe. Niko tayari kusafiri wiki hii, mimi na Consolata, naye ataomba ruhusa shuleni. Basi letu litapita hapo Biharamulo. Lakini kabla ya Mwanza nataka macho mengine, macho yaliyosomea, na macho hayo yanalala nyumba hii kwa usiku mmoja tu uliobaki.

Consolata atakupa barua hii kesho kukipambazuka. Sweta yako ya kijani iko chini ya mto wangu. Niliificha mimi. Baridi ya alfajiri haitakuruhusu uondoke bila hiyo, kwa hiyo najua utaingia.

Ukiingia, usinisalimu kwanza. Nitakuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wangu kwako, dirisha litakuwa wazi ili upate mwanga, na kitambaa nitakuwa nimekivua. Weka mkono wako pale. Papasa na shingo, kama ulivyofundishwa. Chukua muda wako, dereva atapiga honi, mwache apige.

Kisha uniambie ulichokiona, chote, kwa lugha yetu. Kikiwa kibaya, sema kibaya. Ukiwa hujui, sema hujui. Nitakuwa na mikono yangu magotini na nitakusikiliza mpaka mwisho.

Ukimaliza hivyo, njoo mbele yangu uniamkie, nami nitakuitikia marahaba.

Mama yako